Pindo la Vidole Vitatu

Tarehe tatu Desemba, Tukuyu imejifunika ukungu.
Mlima Rungwe hauonekani, hata kibao changu hakionekani,
na Lusajo, mtoto wa kaka, kashuka na basi la Mbeya
na mwaka mmoja wa chuo cha biashara kichwani
na maneno mengi kuliko nguo begini.

"Shangazi, biashara haijifichi kama mchawi.
Mteja akuone kabla hajakuhitaji."
Basi, tukajionyesha.
Tukatundika puto sita mlangoni, zikanywea kwa baridi.
Tukabandika pamba kwenye mgomba iwe theluji
(theluji ya nani, sijui, mimi naisikia redioni).
Mvua ya saa nane ikailowesha,
kuku wa Mama Tupokigwe akaondoka
na kipande cha Krismasi mdomoni.

Tukaandika ubaoni: PUNGUZO KUBWA.
Mzee mmoja akasimama, akasoma mara mbili,
akauliza, "Kwani mmeharibu nini?"

Ng'ambo ya barabara magauni ya Tunduma yanameremeta,
elfu kumi na tano, na zipu itakayokufa Januari.
Spika yao inaimba tangu alfajiri.
Cherehani yangu haina spika.

Usiku umeme ukakatika.
Nikawasha taa ya chemli, nikafungua daftari,
si la madeni, lile jingine, lenye jalada la unga wa chaki:

*Atupakisye. Kifua 24, urefu 27.
Bega la kushoto limeshuka kidogo, usimwambie.*
*Gwakisa. Kaptula. Mifuko mikubwa, anaokota mawe.*
*Tusekile. Urefu 25. Anataka lizunguke akigeuka.*

Lusajo alisoma juu ya bega langu
na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi
akanyamaza.
Kisha akasema, "Shangazi, ulikuwa unaficha hii?"

Tukaandika ujumbe, mmoja mmoja, bila bei, bila mshangao:
*Mama Atupakisye, Krismasi iliyopita mtoto alikuwa 27.
Sasa je? Lete gauni lile lile, pindo nashusha bure.
Niliacha vidole vitatu.*

Maana huwa naacha. Kila nguo ya mtoto.
Mtoto wa huku anakua kama mgomba wa nyuma ya choo,
ukilala ukiamka, magoti yako nje.

Wakaja. Wakaja na matope yao,
na miavuli iliyovunjika mbavu,
na wadogo zao waliosimama kando wakitazama
dada anavyorefushiwa gauni,
hadi mama akapumua, akauliza, "Na huyu, mita ngapi?"
Nilihesabu: pindo kumi na tisa,
nguo mpya kumi na moja,
mbili za mkopo, yaani nne.
Lusajo alichora mstari unaopanda, akaubandika ukutani.

Halafu simu ikatetema juu ya meza, karibu na mkasi.
*Urefu haujabadilika, fundi. Tulimzika Machi.*

Lusajo akanyoosha mkono afute jina.
Nikamshika mkono.

Tarehe ishirini na tatu, mvua ikiwa imekaza,
Mama Tusekile aliingia na mfuko wa nailoni
na kitoto nyuma yake kinachovuta kamasi.
Hakukaa. Akalitoa gauni,
lile la kuzunguka, maua ya njano, limenyooshwa pasi.
Nikashika kiwembe cha kufumulia.
"Hapana," akasema. "Likunje zaidi.
Huyu bado mfupi."

Nikapiga magoti na pini mdomoni.
Vidole vitatu vya zamani, nikaongeza vinne.
Sikukata hata uzi.
Kitambaa chote kimo mle ndani, kimekunjwa, kinangoja.

Lusajo aliuliza hii tuiandike bei gani.
Cherehani ilikuwa inalia.
Sikumsikia.